Adabu za Chupa ya Pili

Jumanne ya Karnivali, mjini Cochabamba, kila mtu humwagia chicha, pombe ya mahindi, kile kinachomlisha. Dereva humwagia lori lake, muuza viazi mizani yake. Doña Eulogia Choquetopa alimwagia wadudu. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kuwalisha vinchuca, wale kunguni wakubwa wa kuta za udongo, katika maabara ya Daktari Iriarte. Basi alizinywesha chupa zote mbili za wadudu, ya wazima na ya wenye vimelea, mwaka uwe wa heri. Pombe ikafuta wino wa lebo zote.

Jumatano aliamka kichwa kikimgonga. Akaweka mkono juu ya shashi, kitambaa chepesi kilichofunika mdomo wa chupa aliyoidhani kuwa ya wazima, wanywe kama kawaida yao. Wenye vimelea walinyweshwa damu ya kuku, maana kuku haushiki ugonjwa wa vimelea hivyo. Walipokwisha kushiba ndipo alipotazama lebo, akaona doa la bluu. Ya pili nayo doa la bluu. Hakujua tena ipi ilikuwa ya wazima. Ugonjwa huo ulimla mama yake moyo, polepole, naye aliyaona yote.

“Wamekulaje?” Daktari akauliza alipoelezwa.

“Kama watu wa harusini, Daktari. Hata sijakaa sawa wameshanivamia. Huyu anadunga hapa, anachomoa, anadunga pale.”

Miaka mitatu Daktari alikuwa amegombana na wataalamu wenzake, akishikilia kuwa kimelea humtia mdudu uroho: huwahi damu, na huuma mara nyingi. Mmoja wao alikuwa shemeji yake, na hawakusalimiana tena.

“Usijali, doña. Pengine nimekosea.”

“Wewe? Tangu lini?”

“Kila mtu hukosea.”

“Mbona hujawahi kuniambia?”

Ikabaki njia moja. Wadudu wa chupa zote mbili walikuwa wameachwa na njaa siku zilezile. Kama na hawa wa pili wangemvamia kuku, basi ule uroho ulikuwa njaa tu, hoja ya Daktari ingeanguka, na Eulogia angepata tumaini. Wakamleta kuku, jina lake Meya, wakamweka kifua juu ya shashi. Daktari akapiga magoti.

“Kuleni, washenzi ninyi,” akawabembeleza. “Mtu mnono huyu.”

Dakika tano zikapita. Mmoja alisogea, akanusa, akarudi kwenye kikunjo chake cha karatasi ndani ya chupa. Dakika ya kumi na mbili mwingine akaja taratibu, akadunga mara moja, akanywa kwa heshima zote, kama wafanyavyo wazima.

“Meya anaumwa,” Daktari akasema. “Kuku huyu ana homa. Nitaleta mwingine.”

Eulogia akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akalichukua daftari la majaribio, akamwekea Daktari mbele yake.

“Andika.”

“Siandiki. Kuku mmoja si ushahidi.”

“Miaka mitatu umenichosha masikio. Leo umeshinda, unataka kumsingizia kuku?”

“Lakini ni wewe, doña.”

“Najua ni mimi.”

Daktari aliandika, mistari ikipanda juu. Alipofika mahali pa majina ya waliofanya jaribio akasita.

“Langu litangulie,” Eulogia akasema. “Halafu nipe dawa leo hii, Daktari, kabla ugonjwa haujatulia mwilini. Naogopa sana.”