Alikuwa Amevaa Viatu

Mama mwenzangu, kama mwanao amekutumia tiketi umtembelee nje, soma hapa kwanza. Mimi nilikwenda kwa binti yangu wiki sita, nikamkosesha mwanamke wa watu kitu ambacho siwezi kumrudishia. Kwa kukaa tu kwenye kiti.

Binti yangu amepanga chumba cha juu kwa bibi mmoja mwenye nyumba. Nilipofika tu, bibi akanialika chai ya siku ya tatu, saa nane mchana. Siku hiyo binti alikuwa anakwenda kazini.

"Shuka tu mama, ila hamtaelewana lugha."

"Kunywa chai nako kunataka mkalimani?"

Nikashuka nimejipara. Nikamkuta bibi amevaa koti zuri na viatu vya kutokea, mle mle ndani, mkoba uko mlangoni. Nikajisemea, loo, kanivalia mimi!

Kikombe kikaisha. Nikangoja aniruhusu, maana kwetu mgeni hakurupuki tu akaondoka kama aliyekimbia chai. Yeye akaona kikombe kitupu, akajaza, akatabasamu. Nikanywa nisimvunje moyo. Akatazama saa ya ukutani. Nikadhani anamngoja binti yangu. Nikatoa simu nikamwonyesha wajukuu wote tisa, mmoja mmoja, na yule wa mwisho akiwa anaogeshwa. Akajaza tena. Vikombe vinne!

Binti aliporudi saa kumi na mbili, bibi alimwambia maneno machache, kwa upole. Binti akabadilika uso.

"Mama, umekaa hapa tangu saa nane?"

"Ningeondokaje? Hajaniruhusu."

"Huku mgeni ndiye anayeinuka, mama! Mwenyeji hasemi, hata nyumba iwake moto. Mumewe amelazwa. Kesho asubuhi wanampasua koo, sauti ndiyo basi tena. Kuwaona wagonjwa ni saa tisa mpaka kumi na moja."

"Sasa chai alinialikia nini?"

"Alikualika kabla hajaijua siku ya upasuaji, akaona aibu kuvunja ahadi. Alijua utakunywa kimoja. Amepiga simu wodini sasa hivi, wameshampa dawa ya usingizi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilipomwomba radhi, bibi akanishika mkono akanipapasa, eti yeye ndiye aliyekosa. Hapo ndipo aliponimaliza.

Binti ananiambia, mama, hukujua. Sawa. Lakini viatu niliviona. Mkoba niliuona. Saa aliitazama mara nyingi, nami nikimwangalia. Nilipenda kuamini ni kwa ajili yangu, kwa sababu ilinipendeza. Kwa hiyo wewe usione haya, uliza mapema: nikae mpaka saa ngapi? Heri uchekwe.

Wiki moja kabla sijarudi, mzee akatoka hospitali. Bibi akatuita chini, mimi na binti. Mzee alikuwa amekaa na kitambaa shingoni, daftari magotini. Akaandika, akamgeuzia binti yangu.

"Anasema karibu, mama. Anasema keti, unywe chai."

Bibi alikuwa ameshamimina. Sikuketi. Niliinywa nimesimama, ya moto vilevile, ikaniunguza ulimi, nikaweka kikombe nikapanda ngazi. Huko juu nikasikia kutoka chini sauti ya bibi tu: anaongea, ananyamaza, anaongea tena.