Maneno ya Bandi

Fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Kamusi alifunga duka saa kumi jioni, akanawa uso, akavaa shati alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo tu. Mkewe alimkagua mlangoni kuanzia kola mpaka viatu.

"Mume wangu, unaenda mazoezini au unaenda kuoa?"

"Naenda kusikia maneno yangu yakiimbwa, mama watoto. Halijanitokea tangu nizaliwe."

"Basi vua tepu shingoni. Wataona umekuja kuwapima."

Kweli, halikuwa limewahi kumtokea. Yeye na rafiki yake, fundi baiskeli aliyeitwa Kinanda, walikuwa wakitunga nyimbo tangu darasa la pili, walipokalishwa dawati moja kwa kosa la kupiga domo. Kinanda aligonga dawati kwa vidole, Kamusi akatia maneno, mwalimu akawachapa wote wawili bila kuuliza nani katunga nini. Majina yao ya utani yalitoka hapo, na hayakuwatoka hata mvi zilipoanza kuwachungulia. Tangu wakue, kwaya tatu zilikuwa zimewarudishia nyimbo zao, moja ikiwa haijafungua hata bahasha. Safari hii mwalimu wa kwaya, mama mmoja muuguzi, alikuwa amekubali wimbo wao uingie kwenye mashindano. Kamusi alifunga siku tatu kumwomba Mungu ampe maneno, kisha akaandika beti nne kwenye karatasi ya kaki ya kukatia nguo, akafuta, akaandika upya, mpaka karatasi ikatoboka. Jumapili alimkabidhi mwalimu nakala safi mkononi mwake.

Sasa, hawa wawili walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Kinanda hawezi kushika sauti bila neno mdomoni. Sauti ikimjia kabla Kamusi hajaleta shairi, huimba chochote kilicho mbele yake: pancha, mnyororo, jirani anayepita na ndoo. Kamusi aliyaita maneno ya bandi, kama uzi ule unaoshikiza nguo kwa muda, ambao mashine ikishapita hunyofolewa ukatupwa. Kinanda hujirekodi kwenye simu, Kamusi husikiliza sauti peke yake, maneno hayamwingii kabisa. Wimbo wao mtamu kuliko zote wa kumsifu Mungu ulizaliwa ukilalamikia breki mbovu.

Kinanda alimpokea kwenye mlango wa ukumbi, kucha zikiwa bado na grisi.

"Kamusi! Leo umejipiga pasi mpaka shingo."

"Nyamaza wewe. Hata siku ya kuimbiwa hukuona sabuni?"

Wakakaa benchi la nyuma. Mwalimu aliinua mkono, na waimbaji arobaini wakafungua vinywa.

*Bwana, mimi sina maneno,*
*mwenzangu yuko njiani.*
*Ningoje, Bwana, ningoje kidogo,*
*yeye ndiye ajuaye kusema.*

Kamusi aligeuka polepole. "Hayo ni maneno gani?"

Kinanda alikuwa ameshika kichwa. "Yesu wangu. Hayo ni ya bandi."

"Yamefikaje kule mbele?"

"Mwalimu alileta baiskeli nimzibie pancha, akaomba sauti ya wimbo, nikamtumia niliyokuwa nayo kwenye simu. Sikumwambia ayaache maneno. Wewe sijawahi kukwambia hata siku moja, ndugu yangu, nikasahau kwamba watu wengine huambiwa."

Mwalimu aliwaona wakinong'onezana, akaja. Aliposikia mambo yalivyo, alifungua begi lake akatoa ile nakala safi.

"Hii niliidhania sala ya kufungulia," alisema, na uso wake ukaonyesha kwamba anajuta. "Zimebaki wiki mbili. Wimbo ni wenu. Mkisema nibadilishe, nitabadilisha. Tujaribu kwanza."

Akawasomea ubeti wa kwanza mara mbili, wakaanza. *Ewe Jalali usiyemithilika, uliyezikunjua mbingu kwa kauli.* Sauti ya tatu ilikwama kwenye "usiyemithilika" kama mkokoteni kwenye matope. Sauti ya pili ikawasubiri, ikachoka kusubiri, ikaenda zake. Bibi mmoja wa mstari wa mbele alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba kosa ni lake. Katika ukumbi wote mtu mmoja tu aliimba bila kuteleza, naye ni Kinanda, amesimama pale benchi la nyuma, jasho likimtoka, akipiga makofi kuwabeba wenzake. Beti zote nne alikuwa nazo kichwani. Alikuwa amezikariri.

Kamusi alitoka nje, akaegemea ukuta. Alikuwa na hasira, naam, lakini si hasira ya kukosewa. Kilichomchoma ni kwamba alipoimbiwa yale maneno ya ovyo, kabla hajayatambua, machozi yalikuwa yamemlengalenga. Yake mwenyewe hayakumfanya lolote.

"Bwana," alisema, "unajua jinsi nilivyolitaka jambo hili."

Alitaka kuendelea, ila sala nzima ilikuwa imeishia hapo. Akakaa nayo hivyo hivyo, fupi.

Kinanda alimfuata. "Wanyofolee hiyo bandi, ndugu yangu. Wakwame wasikwame, watajifunza. Nitakuja kuwafundisha mwenyewe kila jioni mpaka ulimi uwakae sawa."

"Siku ile uliporekodi, ulikuwa unamwomba Mungu?"

"Siku ipi? Aa, ile! Nilikuwa nakungoja wewe! Umeenda kutafuta zipu, saa nzima hurudi. Sauti ikanijia, nikaona itanikimbia. Nikamwambia Mungu avumilie kidogo, mwenye maneno anakuja." Aliyasema kama mtu anayeeleza alivyokaza nati. "Kwani ningesema nini kingine? Mimi nina maneno?"

Kamusi alimfikiria mkewe, ambaye huenda sasa hivi alikuwa akimsimulia dada yake habari za beti nne. Kisha akarudi ndani, Kinanda nyuma yake bado akijitetea kuhusu zipu.

"Mwalimu," alisema Kamusi, "waimbe ya fundi baiskeli."

"Wewe umerogwa?" Kinanda aliruka. "Siku tatu umefunga!"

"Nilifunga niombe maneno. Yamekuja. Kaa chini."

Mwalimu alifurahi, lakini hapo hapo akakunja uso. "Tatizo ubeti ni mmoja. Mashindano yanataka tatu. Anasema mwenzake yuko njiani, sawa. Baada ya hapo?"

Waimbaji arobaini wakageuka kumtazama Kamusi. Yeye akachukua ile nakala safi, akaigeuza upande usioandikwa, akakaa benchini karibu na rafiki yake. Akaandika: *Mjumbe wa kauli amewasili.*

Kinanda alichungulia. "Hilo neno halipandi kwenye sauti."

"Halipandi kwa nini?"

"Zito. Hebu, mtu akifika mlangoni kwa mtu anasemaje?"

"Anapiga hodi."

"Haya. Andika hodi."

Siku nyingine Kamusi angebisha mpaka jua lizame. Alikata mstari wake, mstari mmoja ulionyooka, akaandika *Hodi, Bwana, nimefika.* Kinanda akaujaribu kwa sauti ya chini, akigonga benchi kwa vidole. Kule mbele yule bibi wa miwani akaudaka, na jirani yake akaudaka kwake, Kamusi akiwa bado anatafuta mstari wa pili.

"Nimefika, ehe," Kinanda alisema. "Umekuja na nini?"

"Ngoja," alisema Kamusi. "Ngoja kidogo."