Lalamiko Lisilo na Jina

Mimi kelele zinaniumiza, na sisemi kwa kudeka. Mtu akigonga kalamu mezani, programu niliyokuwa naiandika inanitoka kichwani, na kuirudisha kunanichukua nusu saa. Ofisini tumo kumi na wawili katika chumba kimoja kisicho na hata pazia, na jirani yangu alikuwa Dada Mkaguzi.

Kazi yake ni kujaribu programu zetu na kutafuta kasoro kabla hazijatoka. Ana sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Lakini haki yake nimpe: vikaoni mimi hukauka koo, na ni yeye aliyekuwa akinisemea. "Mzee Kimya amemaliza tangu jana," husema, akinitania kwa jina alilonipa, "ila maneno yake yote ameyaacha kwenye kompyuta." Watu wanacheka, mimi napona.

Kumwambia apunguze sauti nilishindwa. Mwezi mzima nilivumilia tu. Ndipo meneja akaniagiza nitengeneze sanduku la maoni kwenye mtandao wa ofisi, mtu atume lalamiko bila kujulikana. Nilipolimaliza, wa kwanza kulitumia nikawa mimi mwenyewe. Hasira hasara. Niliandika kwamba anapayuka kama yuko mnadani, kwamba hana adabu, ahamishwe. La adabu lilikuwa uongo, na nililijua nikiliandika.

Kesho yake mchana meneja akamhamishia chumba cha mwisho, kando ya stoo. Alibeba kompyuta yake na kikombe chake, akapita mbele ya meza yangu. Nilifurahi. Naona haya kulikiri, lakini nilifurahi karibu saa nzima.

Kisha ikaingia taarifa yake ya ukaguzi wa sanduku. Kila tunachotengeneza lazima kipite kwake, na mimi kwa haraka yangu hilo sikulikumbuka. "Kasoro: jina la mtumaji linaonekana." Wakati wa majaribio nilikuwa nimeliwasha jina ili nijue ujumbe unatoka wapi, nikasahau kulizima. Chini yake aliongeza: "Nilikuta ujumbe mmoja. Nililifuta jina, nikaufikisha kwa meneja. Hakuna mwingine aliyeliona."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Alikuwa amelipeleka lalamiko langu kwa mkono wake, linalomtukana yeye, na mimi akanisitiri.

Nikaenda. Mlango ulikuwa wazi, naye ameinamia kazi. Samahani nilikuwa nayo mdomoni tangu kwenye korido, lakini nilipofika kizingitini koo likakauka, na mtu wa kunisemea ndiye huyo niliyemkosea.

Akainua macho. "Karibu, mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya chini mpaka ikabidi nisogee nimsikie. Hakuwa na kejeli. Alikuwa anauliza kweli. "Nikizungumza hivi, bado nakuumiza?"

"Hapana," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Nami nikarudi kwenye meza yangu, na samahani yangu nikarudi nayo.