Kisanduku Chini ya Meza

Fundi wa seva katika idara ya maji ya mji mmoja alikuwa mtu wa makamo, mpole, mrefu wa mikono, mwenye sweta moja la kijivu alilolivaa mwaka mzima. Si kwamba nje kulikuwa na baridi. Baridi ilikuwa chumbani mwake: chumba kisicho na dirisha, mashine zikivuma ukutani kutwa kucha, na kiyoyozi kikimpulizia kisogoni bila huruma. Wenzake walimwita Bwana Friji. Mwanzoni jina lilimchekesha. Baadaye akagundua kwamba hata mkuu wa kitengo alikuwa amesahau jina lake la kweli.

Mkewe alikuwa ameshafariki miaka kadhaa nyuma. Binti yao wa pekee alifanya kazi mji wa mbali, na kila baba yake alipomwandikia ujumbe, alijibiwa kwa kidole gumba kilichosimama. Jioni fundi alipitia dukani. "Mkate." "Huu hapa." Kuna wiki mazungumzo yake marefu kuliko yote yalikuwa hayo.

Ndiyo maana simu kutoka kituo cha juu ilipoanza kulia, ilimkuta kama mtu mwenye kiu.

Kituo cha juu kilikuwa chumba kimoja cha matofali kwenye kilima nje ya mji, na ndani yake pampu mbili zilizosukuma maji kwenda kwenye tangi la mitaa ya huko. Pampu hizo ziliendeshwa na kisanduku, kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa tofali. Kisanduku hakikuwa na programu yake chenyewe. Kila kilipowashwa kiliiomba kwa mtandao kutoka kwenye seva ya makao makuu, kikaivuta, kikaanza kazi. Kilichokuwemo ndani ni kiprogramu kidogo tu cha kuamkia, kinachojua kiitwe kwa anwani ipi, seva iko wapi, na faili la kuvuta ni lipi.

Sasa kisanduku cha kituo cha juu kilikuwa kimezeeka. Umeme ukikatika na kurudi, kinasahau kila kitu. Kinaandika mstari mmoja kwenye skrini, kinasimama hapo na kusubiri mtu akifundishe upya kwa amri za mkono. Fundi alijaribu amri ya kuhifadhi. Kisanduku kikajibu kwamba hakiwezi, kumbukumbu imekufa. Na swichi za kuwashia pampu kwa mkono zilishang'olewa siku visanduku vilipofungwa, kwa maana wakubwa waliambiwa hazitahitajika tena.

Kwa hiyo umeme ulipokatika, mwangalizi wa kituo alipiga simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito kidogo na cheko la ghafla. Siku ya kwanza walihangaika kweli.

"Andika s, e, t, e, n, v. Yote pamoja, dada, usitenganishe."

"Hiyo ya mwisho ni v ya vitunguu au b ya baba?"

"Ya vitunguu."

"Haya, vitunguu vimeingia. Halafu?"

"Halafu ule ubao mrefu wa chini, wa kuacha nafasi, bonyeza mara moja."

"Fundi, huu ubao umekwama. Kuna punje ya wali humu, nadhani ni ya mwenzangu aliyestaafu."

Fundi akacheka. Alijisikia akicheka, sauti ikagonga kuta za chumba, naye mwenyewe akashtuka.

Wakaingiza anwani ya kisanduku, wakaingiza anwani ya seva, tarakimu kwa tarakimu, nukta kwa nukta. Kisha ikaja amri ya kuvuta faili. "T ya taa, f ya fundi, t ya taa tena, p ya pampu." Akasubiri. Yule mama akapaza sauti.

"Vinatembea! Vigazi vinatembea!"

Alikuwa akizisema zile alama zinazojipanga kwenye skrini faili linapoingia, kila moja kama kigazi kilicholala. Fundi alikuwa ameziona tangu ujana wake na hakuwahi kuziona kuwa ngazi. Wakaandika amri ya mwisho, ya kuiamsha programu, na kupitia simu akasikia pampu zikikohoa, kisha zikinguruma.

"Asante, kaka yangu. Mungu akuweke."

Tangu hapo, umeme ukikatika ilikuwa ndiyo hivyo. Waliongea wakati vigazi vinatembea, maana laini ilikuwa ya polepole. Yule mama alimweleza kuhusu dada yake aliyeolewa na mtu anayekoroma mpaka majirani wanajua zamu zake za kulala. Alimuuliza fundi kala nini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo tangu mkewe azikwe, na mara ya kwanza alibabaika, akajibu, "Mkate," kama anayejibu mtihani. Amri zile fundi angeweza kumtumia kwa ujumbe akaziandika mwenyewe. Aliwahi kuzitayarisha. Halafu akazifuta, akijiambia kwamba tarakimu moja ikikosewa itakuwa balaa, afadhali wazisome pamoja.

Siku moja mtunza stoo aliingia chumbani akijikunyata kwa baridi, akaweka boksi mezani.

"Bwana Friji, kisanduku kipya cha kituo cha juu. Hatimaye! Hiki kina kumbukumbu nzima. Ukikifunga, yule mama hatakusumbua tena."

"Hanisumbui," alisema fundi.

Siku hiyohiyo alikiunganisha, akakifundisha anwani zake, akahifadhi. Akachomoa umeme, akachomeka. Kisanduku kikaamka chenyewe, kikaita seva, kikavuta faili lake na kusimama kazini bila kumuuliza mtu neno. Kazi nzuri, safi. Fundi alikitazama, na moyo ukamzama kama jiwe kisimani. Akakirudisha ndani ya boksi, akalisukuma chini ya meza, nyuma ya miguu yake.

Alijipa sababu. Anakijaribu kwanza. Gari la idara halipo. Wiki ijayo. Mkuu wa kitengo alipouliza mlangoni, "Kile cha juu vipi?" alijibu, "Nakikagua kidogo, mkuu," na mkuu akaridhika, maana hakutaka kukaa kwenye baridi ile. Wiki zikapita. Umeme ukakatika, ukarudi, simu ikalia, vigazi vikatembea.

Kisha sauti ya mama yule ikabadilika. Alianza kusoma herufi kavukavu. Habari za shemeji anayekoroma zikaisha. Fundi alidhani anaumwa, akamuuliza, akajibiwa, "Mzima." Siku moja, katikati ya tarakimu, mama alimuuliza bila kubadilisha sauti:

"Fundi, kile kisanduku kipya mlichoahidiwa hakijafika?"

Miguu ya fundi ilikuwa imegusa boksi.

"Bado, dada."

"Haya," alisema. "Endelea. Nukta, halafu?"

Asubuhi moja umeme ulikuwa umeondoka jana yake na kurudi alfajiri. Simu ilipolia, fundi alisikia kelele kabla ya kusikia neno: watu wengi, ndoo zikigongana, mwanamume akitukana matusi ya nguoni. Yule mama alikuwa akihema.

"Haraka, fundi. Wamekuja. Tangi ni kavu tangu jana."

"S, e, t..."

"Nimeshaandika hiyo, nenda mbele!"

Akampa anwani. Akampa ya pili. Kukasikika kishindo na vioo vikimwagika, na mama yule akapiga yowe fupi, yowe la mtu aliyejizuia. Fundi akasimama wima, waya wa simu ukavuta kikombe cha chai kikamwagika.

"Dada? Dada! Umeumia?"

"Ni dirisha," alisema. "Wamerusha jiwe. Nipe herufi, fundi. Nipe herufi tu."

Akampa. Taa, fundi, taa, pampu. Vigazi vikatembea. Pampu ziliponguruma, simu ikakatwa bila asante.

Fundi alibaki amesimama. Chai ilikuwa ikidondoka kutoka mezani hadi kwenye boksi. Akainama, akalivuta, akalifuta kwa mkono wa sweta, akatoka nalo kifuani. Gari la idara lilikuwepo uwanjani. Lilikuwepo siku zote.

Kwenye kituo cha juu alimtambua yule mama kwa sauti tu, alipokuwa akimwelekeza dereva pa kugeuzia. Alikuwa amemfikiria mnene na mzee kidogo. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi upande mmoja, na plasta mpya juu ya nyusi. Watu walishaondoka na ndoo zao. Alikuwa ameshika ufagio, akikusanya vioo.

"Mimi ndiye fundi," alisema fundi.

"Naona." Akaliangalia boksi. "Karibu."

Kwenye simu walikuwa watu wanaojuana. Hapa walikuwa wageni wawili katika chumba chenye pampu. Fundi akapiga magoti, akafungua kisanduku cha zamani, akaunganisha kipya, nyaya tatu na skrubu nne, huku akijua macho yale yako mgongoni mwake. Akawasha. Maandishi yakapita kwenye skrini, vigazi vikajipanga vyenyewe, pampu zikaitika. Akazima, akawasha tena ili ahakikishe. Kikaamka tena.

"Basi?" aliuliza mama.

"Basi. Hutahitaji kuandika kitu."

Mama akavuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Kilifika lini?"

Fundi alitazama bisibisi mkononi. "Zamani kidogo."

"Nilipiga simu siku moja ulipokuwa umetoka. Akapokea mtunza stoo wenu, akaniambia kwa furaha kabisa, mama, mambo yako yamekwisha, kipya kiko kwa Bwana Friji tangu mwezi uliopita. Nikakuuliza makusudi. Nikasema labda ana sababu, ataniambia."

"Sikuwa na sababu."

"Hakuna mtu asiye na sababu."

Pampu zilinguruma kati yao. Fundi alikuwa na umri wa kutosha kujua uongo upi ungemfaa pale, na ulikuwepo, tena ulikuwa mwepesi. Akapiga moyo konde.

"Nilipenda ukipiga," alisema. "Nilijua kikifungwa hutapiga tena."

Mama yule alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa.

"Wewe ulikuwa unapata mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa napata matusi. Kuna bibi hapo chini ananiita mchawi, eti nafunga maji. Leo wamenipasua uso."

"Najua. Nisamehe, dada."

"Na simu yako si inapiga pia? Inapokea tu?" Sasa sauti ilikuwa imepanda, na ndani yake hamkuwa na hasira peke yake. "Ungepiga. Ungesema, dada, habari za leo. Unadhani ningekukatia? Mimi hapa nakaa na mapampu kutwa nzima. Hata mende hawaji, hamna cha kula. Ungepiga tu, fundi."

Hilo halikuwahi kumpitia fundi akilini hata siku moja. Katika hesabu zake zote, yeye ndiye aliyekuwa peke yake; upande wa pili wa simu aliwaweka watu, dada, shemeji, vicheko, nyumba iliyojaa.

"Na sasa?" aliuliza fundi.

Mama aliinuka, akachukua ufagio.

"Sasa sijui. Nenda, dereva anakungoja."

Kisanduku kipya kilifanya kazi bila dosari. Umeme ulikatika, ukarudi, na kwenye seva fundi aliona mstari mmoja tu: kituo cha juu kimeomba faili, kimepewa. Simu haikulia. Mara nyingine alinyanyua mkono wa simu kuhakikisha laini iko hai. Ilikuwa hai.

Baada ya muda alijikaza, akapiga.

"Habari za leo, dada."

"Nzuri, fundi. Kisanduku kiko sawa."

"Sipigi kwa ajili ya kisanduku."

Alimsikia akivuta pumzi. Alisikia pampu, na upepo ukipita kwenye dirisha ambalo bado hawajalitia kioo.

"Najua," alisema yule mama, taratibu, bila ukali. "Lakini leo sina maneno. Kazi njema."

Hakukata kwa kishindo. Aliweka simu chini polepole, na fundi akabaki akisikiliza mlio wa laini mpaka ukanyamaza wenyewe. Aliandika ombi la kioo cha dirisha, akalipeleka mwenyewe kwa mhusika, akasimama mlangoni pake mpaka likapigwa muhuri. Kumpigia tena hakumpigia.

Saa ya chai ilipofika siku hiyo, alichukua kikombe chake, akafunga mlango wa chumba cha seva, akatembea mpaka mwisho wa korido, kwenye chumba ambako mafundi wengine hukaa. Waliponyamaza, alijua amekosea kuja. Walikuwa wakibishana juu ya mpira, naye hakujua timu wala wachezaji. Joto la humo lilimtoa jasho ndani ya sweta.

"Bwana Friji, kuna hitilafu?" aliuliza mmoja.

"Hapana. Nimekuja kunywa chai."

Wakatazamana. Kisha mtunza stoo akaondoa mkoba wake kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha, akauweka sakafuni. Fundi akakaa. Ubishi ukarudi, kwanza kwa sauti za chini, halafu kwa kelele, na hakuna aliyemwuliza neno. Akanywa chai yake polepole, akijitahidi kushika majina ya wachezaji.