Jina Lina Mwenyewe

Ofisini walimwita Chujio, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kukagua majina ya tovuti kabla hayajasajiliwa, na tusi halikumpita hata livae suti na tai.

Jumatatu asubuhi likaja tena jina lile lile: viwete. Mara tatu lilikuwa limeombwa na mtu mmoja wa vichekesho, aliyetaka kubandika picha za watu wanaochechemea ili wenzake wacheke. Mara tatu Chujio alilikataa kwa raha zake. Mdogo wake aliitwa kiwete miaka yote ya shule, na yeye dada ndiye aliyekuwa akirusha ngumi kumtetea. Basi safari ya nne akabonyeza KATAA bila hata kufungua ukurasa wa mwombaji. Mazoea yana taabu.

Kulikuwa na kanuni moja pale: aliyekataliwa ana haki ya kuja kusomewa sababu ana kwa ana. Hakuna aliyewahi kuja. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikufa zamani, Mungu ailaze pema. Lakini saa nane mchana ngazi zikaanza kugongwa, ko, ko, ko, hadi watu wakaacha kazi wakasikiliza. Wakaingia wanaume saba wenye magongo, jezi zimelowa jasho, na mbele yao kapteni: mdogo wake wa tumbo moja.

"Shikamoo, dada," alisema akihema. "Tumekuja kusomewa."

Uso ulimwaka Chujio kwa aibu. "Marahaba. Kumbe ni nyinyi? Uliniambia una timu ya mpira, hukuniambia inaitwa hivyo!"

"Ungekubali?"

"Thubutu!"

"Haya, soma."

Akasoma. "Jina linadhalilisha watu wenye ulemavu."

Mshambuliaji wa timu akageuka kutazama nyuma yake. "Watu gani hao? Wako wapi tuwatetee?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Chujio. "Nyinyi chekeni. Hamjui nimelilia neno hilo mara ngapi."

"Mimi najua. Tulikuwa tunalia wote," kapteni alisema taratibu. "Lakini dada, kazi hii wewe ndiye unayeijua. Jina moja la tovuti linaweza kuwa na wenyewe wawili?"

"Haliwezi."

"Basi ukilikataa, yule mpuuzi uliyenisimulia habari zake atalileta tena, na siku hiyo pengine utakuwa likizo. Tukilichukua sisi, atalipata wapi?"

Miaka sita Chujio alikuwa amelinda mlango bila kuuliza wenye nyumba ni nani, na iliuma. Akavuta kiti, akafungua ukurasa wa mwombaji. Humo mlikuwa na ratiba ya mechi na picha ya timu, wote wamenyanyua magongo juu.

"Na kanuni yetu?" meneja aliuliza kutoka mlangoni.

"Inakataza kumdhalilisha mtu, bosi. Haikatazi mtu kujiita."

Akabonyeza KUBALI, na magongo yote yakapigwa sakafuni kwa pamoja.

Ijumaa yule wa vichekesho akaomba tena. Safari hii mfumo haukumngoja Chujio, ulimjibu wenyewe papo hapo. Chujio akapanda juu ya kiti, akawasomea wote kwa sauti: "Samahani. Jina hili lina mwenyewe."

Kisha akapiga kigelegele hadi meneja akamwaga chai.