Video za Jana

Walimwita Bi Mbishi, na jina lilimkaa sawasawa. Ni yeye aliyekishawishi kituo cha televisheni kiache mashine kongwe ya kuhifadhia video na kununua ndogo kumi na mbili, zishirikiane. Kila video inakatwa vipande, vipande vinatawanywa, na mashine moja kuu inakumbuka kipande kipi kiko wapi. Kazi nyepesi kuisimulia! Sasa mashine kuu ilikuwa hoi, video zinafunguka kwa kusuasua, na mkurugenzi alishatoa neno: mambo yakibaki hivi hadi taarifa ya habari ya jioni, mfumo unang'olewa, na Bi Mbishi anarudi kutengeneza printa.

Kosa lilikuwa lake. Aliweka ukubwa wa kipande mdogo mno, kana kwamba kituo kinahifadhi barua. Video moja ikazaa vipande maelfu. Kichwa gani kitakumbuka vyote?

Asubuhi ile akaongeza ukubwa, akawasha mfumo upya, akakunja mikono kungoja sifa. Hola! Mzigo ule ule.

"Shemeji," mhariri wa video, mume wa dada yake, akachungulia mlangoni, "printa zinakusalimia."

"Ziambie nimekwama njiani, shem."

Alijibu kwa kicheko. Akaingiza video mpya kujaribu. Ikafunguka papo hapo. Akafungua ya jana, ikakwama. Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Kumbe! Ukubwa mpya unakata kinachoingia leo tu; cha jana kinabaki kilivyokatwa. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, ila haya yalizoleka: nakili video za zamani upya, zikatwe vipande vikubwa, kisha futa zile za kwanza.

Akaanza na za taarifa ya jioni. Kila iliyonakiliwa, mashine kuu ikapata nafuu.

Jua lilipokuwa linazama, Bi Mbishi akiwa kando yake katika chumba cha habari, mhariri alibonyeza video ndefu kuliko zote, ile ya ufunguzi wa daraja. Ikafunguka kabla hajainua kidole.

"Shem!" akapiga kelele, na safari hii mzaha ulimwishia. Chumba kizima cha habari kikalipuka kwa vigelegele.

Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yao. Alitazama video ikienda, mbele na nyuma, bila kusita.

"Tukinunua mashine nyingine nne," akauliza, "utaziweka wapi?"

Machozi yalimtoka Bi Mbishi, wala hakuyaficha.

"Hapo ulipo, bosi. Hebu sogea nipime."