Zulia la Clarrie

Glenys Pfeiffer hakuweza kuona maji yakimwagika bure. Alikulia kwenye mashamba ya ngano kaskazini mwa Adelaide, ambako mtoto akiacha bomba wazi alikula kofi kwanza, maswali baadaye. Hata alipohamia fletini alichomoa mpira wa kutolea maji wa mashine ya kufulia, akaupitisha dirishani ili maji ya mapovu yanyweshe mlimau wake kwenye baraza. Kamati ya jengo ilikataza kabisa mambo hayo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa yeye mwenyewe.

Kwenye fleti iliyo chini ya yake alikaa Clarrie, mzee mjane aliyewahi kuendesha treni. Zulia la chumba chake lilipoanza kulowa pembeni ya ukuta, bintiye Raelene alipanda kumwuliza mwenyekiti. Glenys akajibu kwa huruma, bila kufikiri, kwamba pengine mzee anasahau kufunga bomba.

Neno hilo lilimponza Clarrie. Raelene akawa anafunga koki kuu ya fleti hiyo kila akiondoka, na baba yake anashinda na maji ya ndoo.

Siku Glenys aliposogeza chungu cha mlimau, aliona ufa kwenye sakafu ya baraza, na maji ya kufulia yakizama humo taratibu. Akarudisha mpira kwenye bomba la maji machafu, akanyamaza. Alijidanganya kwamba yameisha.

Zulia likakauka. Raelene akaja kumshukuru.

"Tangu nifunge koki, hakuna hata tone. Ulisema kweli, mama. Jumatatu nampeleka kwenye makao ya wazee."

Usingizi ulimpaa Glenys. Aliona aibu hata kuchuma limau. Jumapili akashuka, akawakuta baba na binti wakifunga masanduku, akasema yote: mpira, ufa, ukimya wake. Raelene alikunja uso, lakini Clarrie akamshika mkono.

"Acha, jirani. Una roho nzuri, ila usijitwike uongo kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe najua nimeanza kupotea. Juzi nimeamka nikaenda kukagua bomba, nikakuta limefungwa, na bado sikujiamini."

Hilo lilimchoma kuliko tusi. Glenys alipanda ngazi akihema, akaupitisha tena mpira dirishani hadi barazani, akawasha mashine ikiwa na shuka moja tu, akarudi chini. Aliwaomba wakae. Walikaa watatu kitandani, macho ukutani, Raelene akitazama saa na kuguna kwamba ana kazi.

Glenys, ambaye maisha yake yote aliomba maji yasipotee, sasa aliyaomba yaje.

Yakaja. Ukuta ulitoa jasho chini kabisa, kisha povu jeupe likatambaa kwenye zulia, likinukia sabuni ya kufulia.

Raelene akaanza kutoa nguo za baba yake kwenye sanduku. Glenys alikuwa tayari kutukanwa. Aliona angepumua vizuri akitukanwa. Lakini Clarrie hakumtazama hata kidogo. Alipiga magoti kwa shida, akatia kidole kwenye povu, akakinusa, machozi yakimdondoka.

"Si mimi," akasema. "Raelene, mwanangu, umeona? Si mimi."